Michoro ya Kolo Ukiwa Njiani

Swali: Nina siku tatu tu za kutoka Dodoma hadi Arusha. Je, nitawahi kuiona michoro ya miambani ya Kondoa?

Jibu: Utawahi, tena bila kupinda njia sana. Kolo, yenye michoro hiyo, iko kando ya barabara kuu, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Lala Kondoa, udamke. Pitia ofisini pale Kolo, ulipe kiingilio na upate mwongozaji. Kisha kuna njia ya vumbi na kupanda mlima kwa miguu. Tenga nusu siku.

Usitamani kumaliza yote. Urithi huu wa Dunia tangu 2006 una mapango zaidi ya 150; matatu ya Kolo yanatosha. Usiguse michoro. Wenyeji bado hutambika huko, basi ingia kwa adabu. Jioni utalala Babati, njiani kuelekea Arusha.