Dawa ya Utitiri Isiishie Kwenye Kiini

Utitiri wameingia bandani. Kuku hawalali, utagaji umeshuka, na mayai mengine yana vidoa vya damu kwenye ganda. Najua mkono unakuwasha kushika bomba. Ngoja kidogo.

Dawa nyingi za wadudu hupenda mafuta, na mafuta ya yai yako kwenye kiini. Kiini nacho hunenepa kwa siku kama 10 kabla yai halijatagwa, hivyo dawa anayodonoa kuku leo unaweza kuikuta kwenye mayai ya wiki ijayo. Mwaka 2017, Uholanzi na Ubelgiji, sumu ya wadudu iitwayo fipronili ilichanganywa kwenye dawa ya mabanda ili kuua utitiri hawahawa. Mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani.

Anza na lebo. Tafuta mambo mawili: imeruhusiwa kwa kuku wanaotaga? Siku za kusubiri kabla ya kula mayai ni ngapi? Zipo dawa ambazo siku zake ni sifuri. Muulize daktari wa mifugo. Dawa ya kunguni, ya mahindi ya ghalani au ya kuogeshea ng'ombe isiguse banda lako, hata jirani aape.

Siku ya kupuliza, okota mayai yote kwanza. Ganda lina maelfu ya vitundu, na dawa ikishapenya huioshi. Toa kuku, vyombo vya maji na chakula. Zoa maranda yote ukayachome mbali.

Sasa lenga nyufa, viota na fito za kulalia, hasa chini yake na kwenye maungio. Huko ndiko utitiri hujificha mchana. Usiku ndipo humpanda kuku. Acha pakauke kabisa, weka maranda mapya, kisha rudisha kuku. Rudia kama lebo inavyosema, maana mayai ya utitiri huponyoka mara ya kwanza.

Andika tarehe ukutani. Mpaka siku za kusubiri ziishe, mayai hayauzwi wala hayaliwi nyumbani. Usitegemee kuyachemsha. Fukia.

Wape kuku pia sanduku la majivu na mchanga mkavu wajiogeshe, na uzibe nyufa.

Baada ya wiki, ingia saa tatu usiku na tochi. Sugua karatasi nyeupe chini ya fito. Ikitoka na michirizi myekundu, bado wapo.