Mtahiniwa Nyumbani, Chai Shambani

Likizo ya Agosti ni fupi, na kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne ndiyo ya mwisho kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Muhula wa tatu ukishafunguliwa mambo huenda mbio. Oktoba inapoelekea ukingoni mitihani ya vitendo na ya kuzungumza huwa imeanza, na Novemba ni karatasi juu ya karatasi. Hapo ndipo wazazi wengi hushtuka. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Kericho na Bomet, shuleni siku ya mkutano au kando ya mizani ya chai.

Mimi niliishia darasa la saba. Kemia siijui, hesabu zao sizielewi. Nitamsaidiaje mtoto wa Kidato cha Nne? (Mama, Konoin)

Mama, kutojua kwako ni mtaji, ukijua kuutumia. Watahiniwa wengi hudurusu kwa kusoma daftari lile lile mara nne, mara tano, huku wakipiga mistari ya rangi. Jicho likizoea ukurasa, moyo hudhani umeelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, wengine wakaifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi, tena kwa mbali.

Kwa hiyo kazi yako jioni, ukiwa unakoroga ugali, ni kumwambia afunge kitabu akueleze. Akitaka kueleza kwa Kipsigis, vizuri zaidi, maana hawezi kujificha nyuma ya maneno ya Kiingereza aliyoyakariri. Muulize: hiyo ni nini? Kwa nini huwa hivyo? Nipe mfano wa hapa nyumbani. Huhitaji kujua jibu. Pale anapokwama utapaona usoni mwake, na hapo ndipo pa kurudia kesho.

Chukua mada ya vimeng'enya katika biolojia. Atakuambia kuwa joto likizidi vimeng'enya huharibika. Sasa muulize kinachotokea kiwandani. Jani lililosagwa hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba kwa sababu vimeng'enya vya jani lenyewe vinafanya kazi pamoja na hewa. Likiingia kwenye kikaushio, joto huvizima na rangi haiendelei kubadilika vile. Akikuelezea hayo bila kusukumwa, mada ameishika.

Jiografia nayo ina kilimo cha chai nchini Kenya ndani ya silabasi, na ni ajabu jinsi watoto waliozaliwa katikati ya michai wanavyopoteza alama hapo. Huandika kwamba chai hukua vizuri kwa sababu kuna mvua. Msahihishaji anataka mvua nyingi iliyotawanyika mwaka mzima, udongo wa volkano wenye kina, wenye asidi na usiotuamisha maji, na maeneo ya mwinuko yenye ubaridi wa wastani. Mtoto wako anayakanyaga hayo kila siku. Mfanye ayaseme.

Majani yakikomaa hayangoji mtihani, na kumlipa mchumaji ni pesa. Nimwache asome tu hata chai ikiharibika? (Baba, Bureti)

Mzee, sitakuambia mtoto asishike kikapu. Nyumba nyingi hapa karo yenyewe hutoka kwenye hicho kikapu, na mtoto anajua. Ninachopinga ni ratiba zinazobandikwa ukutani kana kwamba shamba halipo. Ratiba ya namna hiyo hufa siku ya tatu, na mtoto hubaki akijiona mvivu.

Anzeni na raundi za kuchuma. Unajua kipande kipi kitakuwa tayari juma hili na kipi juma lijalo. Andikeni siku hizo kwanza, kisha masomo yajaze siku zilizobaki. Siku ya kuchuma mpe mada moja nyepesi ya jioni na usimdai zaidi. Siku isiyo ya kuchuma iwe yake kweli, bila "hebu nisaidie kidogo" kila saa. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo mpe hesabu au fizikia, wakati akili na mwanga vyote vipo.

Halafu tazama muda unapopotelea. Mara nyingi kuchuma si tatizo. Tatizo ni kituo cha kupimia chai. Kijana anapeleka majani saa tisa, lori la kiwanda linachelewa, foleni ya mizani haisogei, anarudi giza limeingia akiwa amelowa na hana hamu ya kitabu. Mtu mzima ndiye apeleke chai na kungoja lori. Badiliko hilo peke yake huokoa jioni nzima.

Na wenye mabinti, hesabuni saa zao kwa haki. Kaka akitoka shambani hukaa. Dada akitoka shambani anangojwa na maji, kuni, chakula na mtoto mdogo. Kisha Januari mwaka unaofuata, matokeo yakitoka, tunauliza kwa nini msichana aliyekuwa mbele darasa la nane ameachwa nyuma.

Ana rundo la karatasi za mitihani iliyopita, lakini alama hazipandi. (Mzazi, Litein)

Muulize anazitumiaje. Wengi husoma swali, wakafungua jibu, wakatikisa kichwa kwamba "hii naijua." Huko ni kusoma tu kwa jina lingine.

Karatasi ya hesabu ya KCSE ni saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na ya pili ina maswali manane ambayo mtahiniwa huchagua matano ya alama kumi kumi. Mweke mezani na saa, simu iwe kwako, mwongozo wa majibu uwe kwako pia. Muda ukiisha, kalamu chini. Kisha asahihishe kwa rangi nyingine na kuandika kando ya kila kosa sababu yake: sikujua, nilisoma swali vibaya, au nilikosea kujumlisha. Magonjwa hayo matatu yana dawa tofauti. Maswali aliyokosa ayafanye upya baada ya juma moja, bila kuangalia.

Kiswahili nacho hudharauliwa kwa kuwa "tunakiongea." Karatasi ya Lugha ina alama 80, na 40 kati ya hizo ni matumizi ya lugha, yaani sarufi, ambayo haitoki mdomoni bure. Kwa fasihi unaweza kusaidia kwa kusikiliza tu: akusimulie Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tukio kwa tukio, akitaja nani alisema nini na kwa nini. Akiruka sehemu, mrudishe.

Namwamsha saa tisa usiku asome. Ananiambia anasikia usingizi darasani. (Baba, Sotik)

Mwache alale. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi kwa siku. Aliyosoma mchana hukaa kichwani akiwa amelala. Ukimwamsha saa tisa unanunua saa mbili za kusinzia na kulipa kwa siku nzima ya darasani.

Kijana wangu alitoka jandoni akabadilika. Nikimwambia asome, ananijibu kwamba sasa yeye ni mwanamume. Baba yake yuko kazini Nairobi. (Mama, Bomet)

Hili ndilo swali ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini, na wenzako ni wengi. Kwetu kijana aliyetoka jandoni hatakiwi kukaa jikoni wala kuamrishwa kama mtoto, na kweli amefundishwa hivyo. Ila hakuna mzee aliyemfundisha kwamba mwanamume hapeleki kazi yake hadi mwisho. Tatizo ni kuwa mafundisho yale amechukua nusu, ile inayompendeza.

Usishindane naye kwa amri, utashindwa na utaumia. Tafuta mdomo anaoweza kuusikia. Baba azungumze naye kwa simu, siku maalum ya juma, na amuulize swali moja linalojibika: juma hili umemaliza mada gani? Kama baba hapatikani, yupo motiriot wake, yaani mlezi aliyekuwa naye jandoni. Neno la motiriot kijana halipuuzi kirahisi, na wengi wa walezi hawa siku hizi ni vijana waliosoma, wengine walimu. Hakuna anayewaomba msaada huo. Mwombe.

Wewe mama, badilisha namna ya kusema. "Kwa nini husomi?" ni mashtaka. "Jioni hii utahitaji taa saa ngapi?" humpa heshima yake na bado hudai jibu. Mpe pia mahali pake pa kusomea, hata kama ni meza ndogo kwenye chumba chake cha nje, na taa ya sola yenye chaji, maana stima zetu mvua ikipiga hazina ahadi.

Rafiki zake wanachanga pesa za "karatasi" kwenye Telegram. Nimlipie? (Mzazi, Kericho mjini)

Hapana. Nyingi ya karatasi hizo ni za uongo, mitihani ya shule iliyopigwa chapa ya KNEC, baraza la mitihani. Na zikiwa za kweli ni balaa kubwa zaidi. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo ya KCSE kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata, chini ya waziri Fred Matiang'i na mwenyekiti wa KNEC George Magoha, milango ilifungwa, na idadi ya waliopata A ilianguka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Waliokuwa wameweka tumaini kwenye karatasi za mkononi walijikuta bila chochote.

Hata hivyo, hasara ya kila siku ni nyingine. Kijana anayengoja karatasi hasomi. Ukiona utulivu usioelezeka mwezi wa Oktoba, uliza. Na usiku simu ilale chumbani kwako.

Nina karo ambayo haijakamilika na bonasi ya chai hulipwa Oktoba. Wakimrudisha nyumbani je?

Usingoje arudishwe. Nenda kwa mwalimu mkuu Agosti hii, ukiwa na risiti zako za chai za miezi iliyopita, mkaandikiane lini utalipa na kiasi gani. Usitaje kiasi cha bonasi kabla hakijatangazwa. Wakulima wa upande wetu wa Bonde la Ufa wanajua jinsi kinavyoweza kukatisha tamaa. Na mambo haya ya pesa myazungumze mkiwa wazazi peke yenu. Mtahiniwa anayehesabu deni lako usiku hawezi kuhesabu mole za kemia.

Binti yangu haongei, hali, na juzi alisema heri asingezaliwa. Ni woga wa mtihani tu?

Usilichukulie kuwa woga tu. Achana na vitabu leo. Kaa naye, muulize wazi kama amefikiria kujidhuru, kwa sababu kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na dawa za shambani zifungiwe mbali. Nambari 116 ya Childline Kenya na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Mfikishe hospitali iliyo karibu, kisha umwarifu mwalimu wa ushauri nasaha. Mtihani unaweza kufanywa mwaka mwingine.

Na wa Gredi ya Tisa?

Yote niliyosema kuhusu kujipima na usingizi yanamhusu. Tofauti ni kwamba tathmini yake ya mwisho, KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, hubeba asilimia 60 tu ya alama za kumpeleka sekondari ya juu. Asilimia 20 ni za tathmini ya KPSEA aliyofanya Gredi ya Sita, na 20 ni za tathmini za shuleni. Kwa hiyo hakikisha kazi zake za mradi zimekamilika na mwalimu amezipokea. Hapo ndipo wengi huacha alama mezani.

Akikosa C+ nitasema nini mbele ya majirani?

Kwanza, majirani hawakufanya mtihani. C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu kwa shahada, ila C- hufungua stashahada nyingi, D hufungua kozi za cheti, na vyuo vya ufundi hupokea hata walio chini ya hapo. Chuo cha mafunzo ya utabibu kipo Kapkatet, cha misitu kipo Londiani, na fundi umeme mzuri hapa Kericho hakosi kazi viwandani.

Lakini usingoje Januari ndipo umwambie hayo. Mwambie juma hili, kabla hajarudi shuleni, kwamba kuna mahali pa kwenda kwa kila gredi, na kwamba nyumbani ataingia kwa mlango ule ule, apate A au D.