Kanzu ya Yosefu na Sare za Familia Zetu

Katika harusi zetu ndugu hujulikana kwa kitenge. Mashangazi wana sare yao, mama wadogo yao, na upande wa bibi harusi yao. Asiyeivaa huulizwa yeye ni wa upande gani. Maandiko yanalijua jambo hili, na familia ya Yakobo hueleweka vizuri zaidi tukifuatilia nguo zake.

Tuanzie Mwanzo 27. Rebeka anamvika Yakobo nguo nzuri za Esau na kumfunika mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi. Isaka haoni tena. Ananusa nguo, anabariki. Kwa nguo za kaka yake, mdogo anapokea baraka ya mkubwa.

Katika sura ya 37 Yakobo naye ni mzee, na anampa Yosefu kanzu ya pekee. Wafasiri hawakubaliani: wengine husema ya rangi nyingi, wengine ndefu yenye mikono. Maneno hayohayo ya Kiebrania yamo katika 2 Samweli 13:18, yakitaja vazi la binti za mfalme. Vyovyote iwavyo, haikuwa nguo ya kuchungia mbuzi! Kaka zake, waliokuwa wakishinda malishoni, walielewa maana yake. Ndiyo maana walipomkamata walimvua kanzu kwanza, ndipo wakamtupa shimoni. Kisha wakaichovya katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao aitambue. Nguo ya ndugu na mbuzi vilimdanganya Isaka. Sasa vinamdanganya Yakobo. Anayedhani kitabu cha Mwanzo ni hadithi zilizorundikwa tu, asome sura hizi mbili kwa pamoja.

Yanayofuata tuyapitie haraka. Yosefu anaacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa, anafungwa, kisha Farao anamvika kitani safi. Ndugu zake wanapofika Misri kununua nafaka, yeye anawatambua, wao hawamtambui. Bila shaka mavazi ya Kimisri yalichangia.

Aya ya kukazia ni Mwanzo 45:22. Baada ya kujitambulisha, Yosefu anampa kila ndugu nguo za kubadili. Waliomvua anawavika, tena bila mchango wa mtu. Benyamini, mtoto wa mama yake, anapata jozi tano na vipande 300 vya fedha. Kwangu huo ni upendeleo uleule wa baba yao, ingawa safari hii hatusikii ndugu wakilalamika.

Kwetu sare hununuliwa, na hapo ndipo udugu unapobana. Kitambaa, fundi na mchango wa kamati huja mwezi mmoja. Shangazi mjane asiye na fedha hizo mara nyingi hatasimama kwenye kikao cha ukoo kusema hana. Siku ya harusi atatuma salamu kwamba anaumwa, na katika picha ya familia hatakuwemo.