KITOWEO CHA JUMA KIPANGWE KWANZA
Somo la nyumbani, kwa akina mama na akina baba, na kwa waalimu wao



Katika nyumba nyingi za nyanda za juu mtoto akiuliza, "Mama, leo tutakula nini?" hujibiwa, "Ugali." Akiuliza tena, "Na mboga?" hujibiwa, "Tutaona." Neno hilo "tutaona" ndilo twataka kulitafakari katika somo hili. Maana mahindi yamewekwa tangu mavuno, lakini kitoweo chatafutwa kila siku jua likielekea kuchwa, kwa fedha iliyobaki mfukoni. Fedha ikikosekana, watoto hula ugali kwa chumvi au kwa mchuzi mwembamba, nao hulala wameshiba. Lakini tumbo laweza kushiba, na mwili ukabaki na njaa.

1. Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Katika mwaka 2022 watoto wa Tanzania walipimwa kimo. Ilionekana kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao upasavyo. Tena jambo la kushangaza ni hili: katika mkoa wa Iringa waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu, na katika Njombe na Rukwa walikuwa kama nusu. Hii ndiyo mikoa ilishayo miji kwa mahindi na viazi!

Sababu si moja. Maradhi ya mara kwa mara yamo, maji machafu yamo, na mzigo wa kazi wa mama umo pia. Lakini sababu moja iko mikononi mwetu: tumejaza sahani kwa chakula cha namna moja. Mtoto aliyedumaa katika miaka yake 2 ya kwanza ni vigumu kukirudisha kimo hicho baadaye, na hata kujifunza kwake shuleni huweza kupungua. Basi jambo la kitoweo si dogo.

2. Vyakula vya namna tatu

Viko vyakula vya kutia nguvu: mahindi, ulezi, viazi, mchele, mafuta. Viko vya kujenga mwili: maharage, njegere, karanga, dagaa, mayai, maziwa, nyama. Viko vya kuulinda mwili: mboga za majani, maboga, karoti, nyanya, na matunda kama papai, machungwa na mapera. Kila siku nyumba yapaswa kupata namna zote tatu.

Msidhani kwamba mwili hauwezi kujengwa pasipo nyama. Mahindi na maharage yakiliwa pamoja, kila kimoja hutimiza upungufu wa mwenzake. Ndiyo maana makande ni chakula chema sana. Kwa bei ya nyama nusu kilo, mara nyingi mtu hupata maharage kilo 1 na zaidi. Dagaa nao, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, huimarisha mifupa yetu.

3. Hesabu ya juma

Wazee husema, "Haba na haba hujaza kibaba." Ni kweli katika kuweka, lakini katika kununua, haba na haba humwaga kibaba. Anunuaye mafuta kwa kijiko na dagaa kwa fungu dogo kila jioni hulipa zaidi, asijue, kwa sababu hajumlishi. Basi siku ya soko kaeni wawili, baba na mama, mwandike vitoweo vya siku 7, kisha mvinunue pamoja.

Tutoe mfano wa nyumba ya watu 6, wakubwa 2 na watoto 4. Kwa juma moja yawatosha hivi: maharage kilo 1 na nusu, njegere kavu nusu kilo, karanga nusu kilo, dagaa robo kilo, mayai 6, nyama nusu kilo, mafuta ya alizeti nusu lita au zaidi kidogo, pamoja na nyanya, vitunguu na chumvi. Mboga za majani zitoke katika bustani ya nyuma ya nyumba, ambapo maji ya kuoshea vyombo yaweza kumwagiliwa. Kwa ugali mmoja hesabuni unga wa kilo 1 hivi. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu katika kukoboa twatupa sehemu njema ya mbegu.

Mwenye maharage yake shambani asiyauze yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu ayanunue tena bei ikipanda. Kwanza atenge ya juma zote hata mavuno mapya. Yanayobaki ndiyo ya kuuza.

4. Mpango wa siku saba

Asubuhi za juma: uji wa dona au ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, au viazi.
Jumatatu: maharage kilo 1 yachemshwe kwa mara moja. Jioni yaliwe nusu, kwa ugali na majani ya maboga.
Jumanne: mchana maharage yaliyobaki yachemshwe tena vema, yaliwe kwa viazi. Jioni ugali na mchicha wa karanga.
Jumatano: ugali na dagaa wa nyanya, na tunda.
Alhamisi: makande ya mahindi na maharage nusu kilo, pamoja na parachichi.
Ijumaa: ugali, njegere, na chainizi.
Jumamosi: viazi na mayai, na mboga za majani.
Jumapili: nyama nusu kilo, ipikwe katika mchuzi wenye viazi na karoti, ili kila mmoja apate. Vitu vimenywe na kukatwa baada ya ibada, lakini kuni na maji viwe tayari tangu Jumamosi.

Mpango huu si sheria. Penye ndizi, ziliwe ndizi. Penye maziwa, mshukuru. Lakini msiondoe kitu pasipo kuweka kingine cha namna yake.

5. Kupika pasipo kupoteza

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, yatiwe maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha yaendelee kwa moto mdogo hata yaive kabisa. Yaliyolowekwa huiva upesi, na kuni au mkaa huokolewa.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi, wala maji yake yasimwagwe. Mafuta kidogo husaidia mwili kupokea wema wa mboga. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yaongezayo damu. Bali chungwa au limau husaidia.

Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe, zisipewe mifugo, wala zisipikiwe pombe. Sumu ya ukungu haiishi kwa moto. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika Dodoma na Manyara.

Mtoto mchanga anyonye tu hata miezi 6. Baadaye aendelee kunyonya, huku akipewa uji mzito usiochuruzika katika kijiko, na maharage yaliyopondwa, na yai. Awe na bakuli lake mwenyewe, maana katika sahani moja na kaka zake mkono wake hauwahi.

6. Neno kwa akina baba

Mara nyingi twamlaumu mama kwa mchuzi mwembamba, na huku twampa sarafu chache jioni, baada ya nyingine kupita kilabuni kwa ulanzi. Mama hawezi kupanga juma kwa fedha ya siku moja. Baba aitoe fedha ya kitoweo kwa mara moja, siku ya soko, kabla ya matumizi mengine. Hapo neno "tutaona" litakoma, na mtoto akiuliza atajibiwa.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini watoto huweza kudumaa katika nchi yenye mahindi mengi?
2. Jana nyumbani kwako mlikula vyakula vya namna ngapi kati ya zile tatu? Ni upi uliokosekana?
3. Jumlisha fedha uliyotumia kwa kitoweo siku 7 zilizopita. Je, ingenunua nini siku moja ya soko?
4. Andikeni, mume na mke pamoja, kitoweo cha juma lijalo. Mwalimu na aulize katika mkutano unaofuata ni nyumba ngapi zimefanya hivyo, naye aanze kwa kuisomea yake.