Maungio ya Zege: Panga Kabla ya Kumwaga

Wakazi wengi wanaojenga hukagua saruji, mchanga na vyuma, lakini ni wachache wanaomuuliza fundi swali hili: leo tukikwama, tutaishia wapi? Jibu la swali hilo huamua kama slabu itakaa imara au itapasuka na kuvuja.

Zege, au konkriti kama wengi wanavyoiita, husinyaa linapokauka. Baadaye hupanuka kwa joto la mchana na kujikunja kwa baridi ya usiku. Likizuiwa kusogea, hupasuka. Kazi ya maungio ni kuliwekea zege mahali palipochaguliwa pa kusogea, au mahali salama pa kusimamisha kazi. Yako ya aina tatu.

Ungio la kuongoza ufa

Hili huwekwa kwenye sakafu ya chini, veranda na njia za miguu. Ni mfereji mwembamba unaochorwa au kukatwa juu ya zege ili ufa ukitokea ufuate mstari huo, usitambae ovyo kama mzizi.

Kina cha mfereji kiwe angalau robo ya unene wa sakafu. Sakafu ya milimita 100 inahitaji mfereji wa milimita 25, na umbali kati ya mfereji mmoja na mwingine usizidi mita 3 hivi. Vipande viwe karibu na mraba. Urefu usipite mara moja na nusu ya upana.

Chukua mfano wa veranda yenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 9. Ikiachwa nzima, itapasuka yenyewe. Ikigawanywa mara 6, kila kipande kinakuwa mraba wa mita 1.5. Fundi anaweza kuchora mifereji hiyo kwa chuma zege likiwa bado bichi. Akitumia mashine ya kukata, asingoje mpaka kesho kutwa. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa kati ya saa 6 na saa 18 baada ya kumwaga, na mapema zaidi kwenye jua kali. Akichelewa, ufa utakuwa umeshamtangulia.

Ungio la kutenganisha

Sakafu isishikane na nguzo, ukuta au shimo la maji taka, kwa sababu kila kimoja hutitia na kusogea kwa namna yake. Kabla ya kumwaga, weka kipande cha povu gumu au ubao laini wa milimita 10 hadi 12 kuzunguka nguzo, kishuke unene wote wa sakafu. Juu yake huzibwa kwa lami au gundi maalum ili maji na uchafu visiingie.

Ungio la kusimamisha kazi

Hapa ndipo hatari ilipo. Tuseme ni saa kumi na moja jioni, saruji imekwisha na slabu ya ghorofa ya kwanza imefika nusu. Vibarua wanaacha zege limelala mteremko popote lilipofika, kisha asubuhi wanamwagia jingine juu yake. Kwa macho, slabu ni moja. Kwa kweli ni vipande viwili vilivyogusana tu.

Mahali pa kuishia hupangwa na mhandisi kwenye ramani. Kwa kawaida, slabu na boriti husimamishwa katika theluthi ya kati, mbali na nguzo na kuta zinazoibeba, kwa sababu karibu na vishikizo ndipo nguvu ya kukata huwa kubwa. Nafasi ikiwa mita 4.5, ungio liwe kati ya mita 1.5 na mita 3 kutoka upande mmoja. Nguzo husimamishwa juu ya sakafu, au chini kidogo ya boriti.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Weka ubao wima mahali pa kuishia. Zege lisiachwe limeteremka.
2. Vyuma vipite ndani ya ungio bila kukatwa.
3. Kabla ya kuendelea, kwangua utando laini wa saruji mpaka kokoto zionekane.
4. Fagia au puliza vumbi, kisha lowesha zege la jana. Lisiwe na maji yaliyotuama.
5. Mwaga zege jipya na ulishindilie vizuri kwenye ungio, usiache matundu.
6. Lowesha kwa siku 7 angalau.

Kwa tangi la maji kuna hatua ya ziada. Mkanda wa kuzuia maji huwekwa kwenye ungio, nusu ndani ya zege la kwanza na nusu ndani ya zege la pili. Bila mkanda huo, plasta ya ndani pekee haitoshi kuzuia uvujaji.

Kabla ya siku ya kumwaga

Mwenye nyumba ahesabu saruji, kokoto na maji ya kutosha kufika ungio lililopangwa, aongeze akiba kidogo, na aanze asubuhi. Kama mashine ya kuchanganya ni moja, awe na mpango endapo itaharibika.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji idhini ya kaunti kabla ya kuanza. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi na kutambua mafundi wenye ujuzi. Mwananchi anayo haki ya kumwomba fundi kitambulisho chake, na kumtaka mhandisi amwonyeshe maungio kwenye ramani.

Zege likishashika halirudi nyuma. Mstari wa penseli kwenye ramani leo ni nafuu kuliko kubomoa slabu mwakani.