Damu ikizama upesi: ESR na CRP zinasema nini kuhusu viungo vyako?

Mji wa Kitale uko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zina baridi kali. Ndiyo maana mkazi wa huko akiamka vidole vimekakamaa huilaumu hali ya hewa, akajifunga shali na kungoja jua. Hata jina la ugonjwa, baridi yabisi, limetupotosha kidogo. Baridi hailetei mtu ugonjwa huu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaanza kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba, hupata joto na kuuma, hasa vile vidogo vya vidole, na mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja. Ukakamavu wa asubuhi huweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla ya kulegea.

Msomaji mpendwa, ukimweleza daktari hayo, huenda akakutuma maabara na karatasi iliyoandikwa ESR na CRP. Ni vizuri ujue vipimo hivyo vinatafuta nini, kwa sababu wagonjwa wengi hurudi na namba mkononi wakidhani ndizo jina la ugonjwa.

ESR ni kipimo cha zamani. Daktari wa Poland, Edmund Biernacki, alikieleza mwaka wa 1897, kisha Fåhraeus na Westergren wa Sweden wakakiendeleza baada ya 1918. Damu iliyotiwa dawa ya kuizuia kuganda huwekwa katika mrija mwembamba uliosimama wima, ukaachwa kwa saa moja. Mhudumu wa maabara hutazama chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Mwili ukiwa na mwako wa ndani, ini hutoa kwa wingi protini ambazo hufanya chembe hizo zishikamane, moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Mrundo huo ni mzito, hivyo huzama upesi. Kwa makadirio ya haraka, kiwango cha juu cha kawaida kwa mwanamume ni nusu ya umri wake. Kwa mwanamke, ongeza 10 kwa umri kisha ugawanye kwa 2. Mama wa miaka 50 basi anaweza kufika 30 bila ugonjwa wowote.

CRP nayo ni protini inayotolewa na ini. Tillett na Francis waliigundua mjini New York mwaka wa 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Hupanda saa chache tu baada ya mwako kuanza na hushuka upesi unapotulia, ilhali ESR huweza kukaa juu kwa wiki kadhaa. Angalia pia kipimo kilichoandikwa kando ya namba. Maabara moja ikikupa 1.8 kwa desilita na nyingine 18 kwa lita, ni kiwango kile kile. Hujazidiwa mara kumi njiani kati ya Bungoma na Kitale.

Shida ni kwamba vipimo hivi huonyesha moshi tu, havisemi ni nyumba gani inayoungua. Malaria hupandisha zote mbili, na Bungoma iko katika ukanda ambao malaria haiishi mwaka mzima, tofauti na Kitale. Kifua kikuu huzipandisha. Homa ya maziwa mabichi, ambayo wengi huiita brusela, huzipandisha na huumiza viungo pia. Upungufu wa damu hupandisha ESR peke yake, na mimba vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, mwenye selimundu, ugonjwa usio mgeni magharibi mwa Kenya, anaweza kuwa mgonjwa hoi na ESR yake ikabaki chini, kwa kuwa chembe zenye umbo la mundu hazipangiki kama sahani. Wapo pia wagonjwa wa baridi yabisi ambao namba zao ni za kawaida kabisa huku vidole vimevimba.

Kosa la namba kusomwa peke yake lina pande mbili. Mgonjwa anaweza kutibiwa malaria na taifodi mara kwa mara huku viungo vikiliwa, na sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea katika miaka miwili ya kwanza. Au anaweza kuanzishiwa prednisoloni kwa sababu tu ESR ni 90, kumbe alikuwa na kifua kikuu. Dawa hiyo hushusha kinga, na kifua kikuu hupata nafasi ya kusambaa. Kwa maoni yangu kosa hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi. Ukiwa na kikohozi, jasho la usiku au unakonda, sema kabla hujaandikiwa dawa.

Sema pia kama umekuwa ukinunua vidonge vya viungo sokoni au stendi. Baadhi huwa na steroidi ndani, hutuliza maumivu kwa siku chache na kushusha CRP, daktari akadhani huna ugonjwa.

Lupasi ina tabia yake. Huu nao ni ugonjwa wa kinga kujishambulia, na kati ya wagonjwa 10 takriban 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. ESR hupanda, lakini CRP mara nyingi hubaki chini au hupanda kidogo. Mgonjwa wa lupasi mwenye homa na CRP ya juu sana basi achunguzwe maambukizi kabla ya kuongezewa dawa za kushusha kinga. Kipimo cha mkojo kisisahaulike kila anapokwenda kliniki: lupasi hushambulia figo bila kuuma, na hakuna ESR itakayokuonyesha protini inayovuja kwenye mkojo.