Sepstra na toni za chini: tuanze na vipimo gani?

Nikipima toni za Ciluba, nilikuta toni za chini za mzee mmoja hazionekani. Nilikaribia kuandika kwamba hana. Sepstra huonyesha mtetemo wa nyuzi za sauti kama kilele kwenye muda wa mzunguko mmoja. Programu yangu ilitafuta kilele hicho hadi milisekunde 10 tu, yaani Hz 100. Mzee alishuka hadi Hz 80, sawa na milisekunde 12,5.

Sasa naanza na dirisha la milisekunde 40, linalobeba mizunguko mitatu ya sauti hiyo, na kutafuta kilele kati ya milisekunde 2,5 na 13,3 (Hz 400 hadi 75). Kwa mtoto, naanzia milisekunde 2. Tumsikilize msemaji kwanza, ndipo tuweke mipaka.